Hasan al-Basri na Suala la Mwenye Dhambi Kubwa

Hapana mtu wa Pwani aliyekaa darsani mwezi wa Ramadhani asiyelijua jina la Hasan al-Basri. Masheikh wetu humtaja wakitaka kuzilainisha nyoyo za watu: namna alivyokuwa akilia usiku, alivyoipa dunia mgongo, na alivyosema haki mbele ya watawala. Hayo ni kweli, lakini liko jambo jingine katika maisha yake ambalo halitajwi sana, nalo latufaa vile vile. Hasan aliishi katika mji na zama ambazo Waislamu waliuana kwa ajili ya suala moja. Mwislamu akifanya dhambi kubwa akafa bila ya kutubu, je, ni Mwislamu au si Mwislamu? Na yule aliyelihama kundi lake, au aliyekataa kujiunga na kundi lolote, atendewe nini?

Suala hili halijesha mpaka leo. Ndiyo sababu inafaa kuyatazama maisha ya mtu aliyelala nalo na kuamka nalo kwa zaidi ya miaka 50.

Utoto wake Madina

Hasan alizaliwa Madina mwaka wa 21 Hijria, yaani 642 Miladia, katika ukhalifa wa Sayyidna Umar R.A. Babake, Yasar, alikuwa mateka kutoka Maysan, kusini ya Iraki, akaachwa huru. Mamake, Khayra, alikuwa mtumishi wa Bibi Ummu Salama R.A., mkewe Mtume S.A.W. Yasimuliwa kwamba mama akitumwa kazi na mtoto akilia, Bibi Ummu Salama alimchukua akamtuliza kwa titi lake mpaka mamake arejee. Watu wa baadaye walisema kuwa ufasaha na hekima ya Hasan vilitokana na baraka ile. Yeye mwenyewe alikuwa akieleza kwamba alipokuwa kijana aliingia katika vyumba vya wakeze Mtume, na akiinua mkono aliigusa dari.

Mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, basi, alilelewa katika nyumba ambazo kila Mwislamu angetamani kuziona.

Lakini utulivu ule haukudumu. Mwaka wa 35 Hijria (656), Hasan akiwa na umri wa miaka 14, watu waliotoka Misri, Kufa na Basra waliizingira nyumba ya Khalifa Uthman R.A. wakamwua ndani yake. Hawakuwa maadui kutoka nje. Walikuwa watu wa kuswali na kufunga, walioona kwamba Khalifa amekosa na kwamba makosa yake yamehalalisha damu yake. Hasan alikuwa Madina siku ile. Aliyaona mapema yale ambayo wengine waliyasoma vitabuni.

Suala lililomwaga damu

Baada ya kuuawa Uthman vilizuka vita baina ya Sayyidna Ali R.A. na Muawiya, na mwaka wa 37 Hijria (657) majeshi yakakutana Siffin. Ilipokubaliwa kwamba waamuzi wawili wasuluhishe, kikundi katika jeshi la Ali kilitoka. Walisema hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na aliyekubali hukumu ya wanadamu amefanya dhambi kubwa, na mwenye dhambi kubwa ni kafiri mpaka atubu. Hao ndio walioitwa Makhawariji, yaani waliotoka.

Mwaka uliofuata walimkamata njiani Abdallah bin Khabbab, mtoto wa sahaba, wakamhoji juu ya Ali na juu ya kile kisa cha waamuzi. Jawabu yake haikuwapendeza. Walimchinja, na mkewe aliyekuwa mja mzito pia wakamwua. Ali alipigana nao Nahrawan, na mwaka wa 40 Hijria (661) mmoja wao, Ibn Muljam, alimpiga Ali kwa upanga huko Kufa, akafa.

Hapa yafaa kueleza jambo. Juu ya madhambi yenyewe hapakuwa na mzozo mkubwa. Hadithi mashuhuri inataja saba ya kuangamiza: shirki, uchawi, kuua nafsi bila ya haki, kula riba, kula mali ya yatima, kukimbia vitani, na kuwasingizia zinaa wanawake waliojihifadhi. Wanavyuoni wakaongeza mengine, na karne nyingi baadaye Imamu adh-Dhahabi aliandika kitabu kizima juu ya kabaira akazifikisha kama 70. Mzozo ulikuwa juu ya jina la mtendaji. Mwizi, mlevi au muuaji anayeikiri shahada na kuikubali haramu kuwa ni haramu, tumwite nani?

Jina lile lilikuwa na uzito. Aliyeitwa kafiri hawezi kuozwa binti Mwislamu, hawezi kurithi, haswaliwi, wala hazikwi pamoja na Waislamu. Na katika zama zile angeweza kukatwa shingo yake kwa jina hilo.

Kuhamia Basra

Katika siku zile za Siffin ndipo Hasan alipohamia Basra. Mji huu ulianzishwa na Waislamu wakati wa Sayyidna Umar kuwa kambi ya jeshi, ukakua upesi ukajaa makabila ya Kiarabu, wakiwamo Azd waliotoka Omani, pamoja na Waajemi waliosilimu na wafanya biashara wa baharini. Hasan hakuwa mtu wa mkeka wa kuswalia tu. Ujanani alikwenda vitani upande wa Sijistani na Kabul chini ya Abdulrahman bin Samura, kisha akawa karani wa Rabi bin Ziyad, gavana wa Khurasani. Baadaye alirudi Basra, akaketi msikitini kufundisha.

Na Basra ndipo suala lile lilipowaka moto zaidi. Mwaka wa 64 Hijria (684) Nafi bin al-Azraq alitoka mjini na wafuasi wake akaenda Ahwazi. Itikadi yake ilikuwa kali kuliko ya wenziwe wote. Alisema kuwa mwenye dhambi kubwa ni mushriki, na kwamba hata aliye na itikadi kama yao, akikaa nyumbani asihame kwenda kambini kwao, ni mushriki vile vile. Mgeni aliyetaka kujiunga nao alitahiniwa kwanza. Wapita njia walisimamishwa na kuhojiwa, na ambaye jawabu yake ilikosea aliuawa. Hata watoto na wanawake wa wapinzani damu yao ilihalalishwa. Nafi aliuawa mwaka wa 65 Hijria (685), lakini wafuasi wake walipigana kwa muda wa zaidi ya miaka kumi mpaka al-Muhallab bin Abi Sufra akavunja nguvu zao.

Si wote waliokuwa upande ule walioridhika na Nafi. Abdallah bin Ibadh alitengana naye kwa sababu ya hukumu hiyo hiyo, na kwa jina lake ndiyo wanaitwa Maibadhi, madhehebu tunayoyajua Pwani kwa ajili ya Omani na Unguja. Maibadhi husema kwamba Mwislamu mwenye dhambi kubwa yumo katika kufuru, lakini ni kufuru ya neema, yaani utovu wa shukrani kwa Mola wake, wala si shirki. Kwa hiyo huozwa, hurithi na huzikwa na Waislamu. Kinachoondolewa kwake ni wilaya, yaani mapenzi na urafiki wa dini, na badala yake huwekwa baraa, kujitenga naye kwa moyo, mpaka atubu. Ni tofauti kubwa na upanga wa Nafi.

Kitandani kwa Jabir bin Zayd

Maibadhi humhesabu Jabir bin Zayd kuwa imamu wao wa kwanza. Alizaliwa Firq, karibu na Nizwa katika Omani, akaishi Basra, akasoma kwa Ibn Abbas R.A. Masunni nao wanamhishimu, na hadithi zake zimo katika Bukhari na Muslim. Yeye na Hasan waliishi katika mji mmoja wakijuana.

Yasimuliwa kwamba Jabir alipokuwa mahututi, kiasi cha mwaka wa 93 Hijria (711), aliulizwa anatamani nini, akasema kuwa anatamani kumwona Hasan. Wakati huo Hasan alikuwa amejificha, kwani alikuwa akitafutwa na gavana. Alipopelekewa habari alipanda mnyama akaenda usiku, pamoja na khofu ya wale waliomchukua, akakaa naye, kisha akarudi mafichoni kabla ya kupambazuka. Juu ya waliyoyasema, kila upande una masimulizi yake. Masunni husimulia kuwa Jabir aliwakana Makhawariji mbele ya Hasan, na Maibadhi hawalikubali hilo. Lakini pande zote mbili zinakubaliana juu ya ziara yenyewe: kwamba mtu huyu alimtaka yule, na yule akahatarisha roho yake akamwendea.

Kauli yake, na mtu aliyemsahihisha

Hasan mwenyewe alisemaje juu ya mwenye dhambi kubwa? Upande mmoja walikuwako Makhawariji. Upande wa pili walikuwako Murjia, waliosema kwamba hukumu ya mtu iakhirishwe mpaka mbele ya Mwenyezi Mungu, na imani ni imani hata mtu akitenda dhambi. Kauli hii ilizuia damu, lakini Hasan aliogopa kuwa itawalaza watu usingizi. Mtu atadhulumu asubuhi, atakunywa pombe jioni, na alale akijiona kuwa imani yake ni salama.

Basi alisema kwamba mtu huyu ni mnafiki. Alikuwa na maana kwamba anatamka kwa ulimi yale ambayo matendo yake yanayakanusha. Ni neno zito, lakini lilikuwa na faida moja. Mnafiki wakati wa Mtume hakufukuzwa msikitini wala hakuuawa kwa unafiki wake. Aliishi na Waislamu na hesabu yake ikawa kwa Mola wake. Hasan aliweza kuwatisha watu bila ya kumkabidhi mtu yeyote upanga.

Hata hivyo kauli hii nayo ilikuwa na pingamizi. Yasimuliwa kwamba Ata bin Abi Rabah, mwanachuoni wa Makka, alipelekewa habari kuwa Hasan anamhesabu mnafiki kila aliye na alama tatu: akizungumza huongopa, akiahidi huvunja, akiaminiwa hukhini. Ata akamtuma mjumbe amwulize juu ya nduguze Nabii Yusuf. Walizungumza wakaongopa, waliahidi wakavunja, waliaminiwa wakakhini. Je, nao walikuwa wanafiki, na ilhali ni watoto wa Mtume na babu yao ni Mtume? Hasan alipoisikia hoja hiyo hakukasirika. Alifurahi, akamwombea Ata kheri.

Ni wangapi katika wakubwa wetu wawezao kusahihishwa namna hiyo mbele ya wanafunzi wao?

Mbele ya al-Hajjaj

Gavana aliyekuwa akimtafuta Hasan ni al-Hajjaj bin Yusuf, aliyetawala Iraki toka mwaka wa 75 mpaka 95 Hijria (694 hadi 714). Dhulma zake ni mashuhuri, na miongoni mwa aliowaua ni Said bin Jubayr, mwanafunzi mkubwa wa Ibn Abbas. Ibn al-Ashath alipoinuka kupigana naye mwaka wa 81 Hijria, wanavyuoni wengi walimfuata. Hasan alikataa. Alisema al-Hajjaj ni adhabu, na adhabu ya Mungu haizuiwi kwa panga bali kwa toba. Waasi walitaka kumlazimisha awe pamoja nao, na yasimuliwa kuwa alijitupa mtoni ili awakimbie.

Wako waliomlaumu kwa hilo, wakasema alikuwa akimsaidia dhalimu kwa kukaa kimya. Lakini Hasan hakukaa kimya. Alimsema al-Hajjaj waziwazi kwa uovu wake, ndipo akabidi kujificha kwa miaka mingi, na habari za kifo cha gavana zilipomfikia, yasimuliwa kuwa alisujudu kwa kushukuru. Alilolikataa ni kuupasua umma. Imamu Bukhari amelihifadhi jibu lake juu ya kuswali nyuma ya mzushi: aliwaambia watu waswali, na uzushi wake utakuwa juu yake mwenyewe. Kwa Hasan, kosa la mtu halikuwa sababu ya kuivunja safu ya Waislamu.

Mwaka wa 99 Hijria (717) Umar bin Abdulaziz aliposhika ukhalifa, Hasan akafanywa kadhi wa Basra kwa muda mfupi. Hapo alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 70.

Mwanafunzi aliyehama nguzo

Miongoni mwa waliokaa darsani kwake alikuwa kijana mmoja kwa jina Wasil bin Ata, aliyezaliwa Madina mwaka wa 80 Hijria. Alikuwa hawezi kuitamka vizuri herufi ya ra, na kwa uhodari wake alizoea kuhutubia kutoka mwanzo mpaka mwisho bila ya kutumia hata neno moja lenye herufi hiyo.

Kisa mashuhuri ni kwamba siku moja mtu aliingia akamwuliza Hasan juu ya wale wanaomkufurisha mwenye dhambi kubwa na wale wanaomwachia, sisi tuamini lipi? Hasan alinyamaza akifikiri. Kabla hajajibu, Wasil akasema kwamba mtu huyo si muumini wala si kafiri, bali yuko katika daraja baina ya daraja mbili. Kisha akainuka, akaenda kwenye nguzo nyingine ya msikiti ule ule, akaanza kuwaeleza watu kauli yake. Hasan akawaambia waliokuwapo kwamba Wasil amejitenga nao. Kutokana na neno hilo la kujitenga, ndipo likaja jina la Muutazila.

Waandishi wanahitilafiana juu ya kisa hiki. Wako wanaomtaja Amr bin Ubayd, shemeji yake Wasil, badala ya Wasil. Wengine wasema jina lilitolewa na Qatada baada ya Hasan kufa. Na wengine husema Hasan ndiye aliyemwondosha katika darsa yake. Lakini hata tukilichukua lililo kali kabisa, adhabu aliyopewa aliyeuacha mkono wa mwalimu wake ilikuwa ni kuhama nguzo. Wakati ule nje ya mji kwa kosa kama hilo watu walikwisha chinjwa.

Hasan alifariki mwezi wa Rajabu mwaka wa 110 Hijria (728), akiwa na umri wa karibu miaka 90. Yasimuliwa kwamba mji mzima ulikwenda maziarani, hata alasiri ile hapakubaki mtu wa kuswali jamaa katika msikiti mkuu wa Basra. Kaburi lake liko Zubayr, karibu na mji ule, na jirani yake ni Ibn Sirin, mwenziwe aliyemfuata kiasi cha siku mia moja baadaye.

Yaliyotokea baada yake

Waliokuja baada ya Hasan hawakuwa na subira kama yake. Baadhi ya wanafunzi wake walimsusia Amr bin Ubayd na kuwakataza watu kukaa naye. Muutazila nao walipopata nguvu waliyafanya makubwa zaidi. Mwaka wa 218 Hijria (833) Khalifa al-Maamun, aliyefuata rai zao, aliamrisha wanavyuoni watahiniwe juu ya suala la kuumbwa kwa Kurani. Imamu Ahmad bin Hanbal alifungwa, na katika zama za al-Muutasim akapigwa mijeledi. Watu ambao mwalimu wao wa kwanza aliachwa ahame nguzo kwa salama, sasa hawakumwachia mwingine nguzo ya kuegemea.

Ni mtu wa Basra tena aliyekuja kuzima moto huo. Abul-Hasan al-Ashari alikuwa Muutazila mpaka umri wa miaka 40, kisha akatangaza hadharani msikitini kwamba ametoka. Kauli yake juu ya mwenye dhambi kubwa ndiyo wanayoifuata wanavyuoni wetu wa Kishafii wa Pwani: ni muumini mwenye kuasi, na jambo lake liko kwa Mwenyezi Mungu, akitaka atamwadhibu na akitaka atamsamehe. Yasimuliwa kwamba alipokuwa akifa aliwashuhudiza waliokuwapo kuwa hamkufurishi yeyote katika wanaoelekea kibla.

Mzozo huu umefika hata kwetu. Masultani wa Unguja walikuwa Maibadhi na raia wao wengi ni Mashafii, na kwa kawaida kila madhehebu yalikuwa na makadhi wake, watu wakiishi kwa wema. Lakini Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui wa Mombasa, babake Sheikh al-Amin, alitoka katika ukoo uliokuwa wa Kiibadhi, akawa Mshafii na akawalingania wengine. Sayyid Barghash alimtia gerezani kwa hilo. Alitoka mwaka wa 1888, Barghash alipofariki na Sayyid Khalifa kushika utawala.

Aliyefunga na aliyefungwa wote wawili walielekea kibla kimoja mara tano kwa siku, na wazee wa madhehebu yao ndio wale wawili waliokutana usiku kwa siri Basra, mmoja akiwa kitandani mwa mauti na mwingine akitafutwa na serikali.

Siku hizi ni rahisi sana kusikia Mwislamu akimwita mwenziwe kafiri kwa kunuti, kwa maulidi, au kwa kuuhama msikiti huu akaenda ule. Wasemao hivyo hudhani kwamba ukali wao ni dalili ya kuichunga dini. Hasan al-Basri aliichunga dini kuliko wao, na aliiogopa dhambi mpaka watu wakamwona kama mtu aliyerudi kutoka maziarani. Lakini khofu yake aliianzia kwa nafsi yake, na mlango wa msikiti aliuacha wazi.

Mola amrehemu, na sisi atupe mfano wa adabu yake.